Stendi ya kuchajia rimoti: nikiigandamiza inachaji, nikiachia inakata

BintiMkubwa

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba msaada wa kitu kinachoonekana kidogo lakini humu ndani kwetu kimekuwa kikubwa.

Tuna rimoti moja inayoendesha vifaa vyote: televisheni, kisimbuzi na spika. Ni ile yenye skrini ndogo juu. Haitumii betri za kubadilisha, unailaza tu kwenye stendi yake ya kuchajia na inajaa. Tulimnunulia baba. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukabaki mzito, na kuhangaika na rimoti tatu kukawa mateso kwake. Hii ina kitufe kimoja kikubwa juu kushoto: akikibonyeza, kila kitu kinawaka kwa mpangilio wake na taarifa ya habari iko mbele yake. Miaka miwili na nusu hajawahi kuniita nimwashie televisheni. Sasa hii ni wiki ya tatu ananiita, na najua jinsi asivyopenda kuita.

Tatizo liko hivi. Saa nne usiku naiweka kwenye stendi, kitaa chekundu kinawaka, skrini inaonyesha inachaji. Asubuhi naikuta imezima kabisa, au ina asilimia sita. Nikiigandamiza kwa kidole upande wa chini, kitaa kinatulia. Nikiachia, mara kinaendelea, mara kinazima. Juzi nilibandika kamusi juu yake usiku kucha, asubuhi nikaikuta asilimia mia. Jana nikaweka kamusi ileile, asubuhi imekufa.

Kuna jambo la pili, sijui kama lina uhusiano. Nalala chumba kinachopakana na sebule na mlango nauacha wazi ili nimsikie baba. Usiku naona mwanga wa rimoti ukutani. Unawaka, unazima, zikipita dakika kadhaa unawaka tena. Hakuna anayeigusa.

Nimeshabadilisha soketi ya ukutani, nimefuta stendi kwa kitambaa kikavu, nimezima rimoti na kuiwasha upya. Adapta imeandikwa volti 5, ampea 1. Rimoti yenyewe haina tundu la waya wa chaji, inategemea stendi tu. Nina mita ndogo ya kidijitali, kupima volti najua, ila si fundi. Niliyemuuliza kwanza alisema betri imekwisha, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela nataka kujua mgonjwa ni nani: betri, rimoti, stendi au adapta?

Kipimo

Dada, pole sana, na mzee mpe pole zetu.

Betri usinunue kwanza. Betri iliyochoka haijali kamusi. Ingekuwa yenyewe, ungeiona inajaa vizuri usiku halafu inakata mchana mapema. Yako haijai, na inabadilika kwa kugandamizwa. Hapo kuna mahali umeme unagusana kwa kubahatisha.

Huo mwanga ukutani ndio ushahidi mkubwa kuliko yote uliyoandika. Umeme wa stendi ukikata, rimoti inadhani mtu ameinyanyua, inaamka na kuwasha skrini. Ukirudi, inadhani imerudishwa kwenye stendi yake, inaamka tena. Fikiria hilo linajirudia usiku mzima. Skrini ndiyo inayokula betri kuliko kitu kingine chochote kwenye rimoti ya aina hiyo. Kwa hiyo usiku huo huichaji, unaimaliza.

Anza na pini. Chomoa adapta ukutani. Tazama pini mbili ndogo zinazochomoza kwenye stendi, kila moja ina springi ndani yake. Zibonyeze moja moja kwa kijiti cha meno, zote zinatakiwa ziingie laini na zirudi juu kwa urefu sawa. Halafu chukua spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, lowesha pamba ya kijiti, sugua pini na vile vibati viwili vilivyo chini ya rimoti. Mafuta ya mkono na vumbi vikikaa miaka miwili vinakuwa kama lami nyembamba ambayo kitambaa kikavu hakiitoi. Acha ikauke kabisa, kisha pima volti kwenye pini stendi ikiwa tupu, utuambie.

Mkongwe77

Piga msasa laini hizo pini dakika moja tu, kazi imeisha. Mimi nimefanya hivyo kwenye simu ya mezani isiyo na waya, ikapona.

LehemuSafi

Mzee wangu Mkongwe77, kwa heshima zote, naomba dada asifanye hivyo. Pini za namna hii hupakwa dhahabu nyembamba mno, mara nyingi unene wake haufiki elfu moja ya milimita. Msasa unaikwangua yote. Siku hiyo inachaji vizuri kwa sababu uchafu nao umeondoka, lakini chini ya dhahabu kuna madini yanayoshika ukoga. Baada ya miezi michache tatizo linarudi baya zaidi, na dhahabu huirudishi. Kama spiriti imeshindwa, tumia ufutio mweupe wa penseli, taratibu, na ni kwenye vibati vya rimoti tu. Pini zenye springi usizisugue na ufutio, makombo yataingia ndani na kuzikwamisha.

Dada, na mimi nasubiri vipimo vyako. Ongeza kimoja: kama betri ya rimoti inatoka, pima volti zake kabla ya kuiweka kwenye stendi na baada ya saa moja. Fanya hivyo mara mbili, bila kamusi na pamoja na kamusi.

BintiMkubwa

Nawashukuru wote, hata wewe mzee wangu wa msasa.

Nimefanya. Pamba ilitoka nyeusi kwenye pini zote mbili, sikutarajia. Pini moja, ya kushoto, ilikuwa inarudi kwa uvivu. Nimeibonyeza mara nyingi na spiriti, sasa inarudi ingawa si kama mwenzake.

Stendi tupu kwenye pini: volti 5.12. Nimepima mara tatu, haichezi.

Betri inatoka. Bila kamusi: 3.58 kabla, baada ya saa moja 3.61. Niliitoa ikapoa, nikatumia rimoti mpaka ikashuka pale pale 3.58, nikarudia na kamusi: baada ya saa moja 3.86.

Kwa hiyo nimechanganyikiwa. Stendi inatoa volti 5 safi, na bado usiku huu mwanga wa ukutani niliuona tena, ingawa pini ni safi. Je, ni rimoti sasa?

LehemuSafi

Hujachanganyikiwa, mita ndiyo imekudanganya, na inawadanganya wengi. Nivumilie nieleze, maana hapa ndipo watu wanapotupa stendi nzima na kununua betri isiyohitajika.

Mita ikipima volti haivuti umeme, au inavuta kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Ni kama kuchungulia bomba lililobanwa wakati hakuna aliyefungua koki. Utaona maji yamejaa mpaka mwisho. Fungua koki ndipo utajua bomba limebanwa. Kiungo kilichoachia kikabaki kimegusa kwa unywele mmoja kitaionyesha mita volti 5.12 bila wasiwasi. Rimoti ikianza kuvuta nusu ampea, unywele hauwezi, volti zinaanguka.

Kuhusu rimoti na betri, umeshajijibu mwenyewe bila kujua. Kwa kamusi betri ilipanda 0.28 ndani ya saa moja. Betri inayopanda hivyo inapokea chaji, na saketi ya kuchajia iliyo ndani ya rimoti inafanya kazi. Hao wawili waache wapumzike. Tumebaki na stendi, waya na adapta.

Sasa inabidi upime rimoti ikiwa imekaa juu, inavuta. Pini zitakuwa zimefunikwa, kwa hiyo utaingia kwa chini. Chomoa adapta. Skrubu za stendi hizi karibu kila mara hufichwa chini ya vimiguu vya raba, na moja hupenda kukaa chini ya stika. Pitisha kidole kwenye stika ukisikia shimo. Ukifungua utaona bodi ndogo. Tambua vitu viwili: tundu ambamo plagi ya adapta inaingia, na migongo ya zile pini mbili. Rudisha adapta, shikilia stendi kwa ubavu, weka rimoti mahali pake. Ncha nyeusi ya mita iache kwenye mgongo wa pini hasi muda wote. Ncha nyekundu ipeleke kwanza kwenye mguu chanya wa tundu, yaani chuma chenyewe kinachotokeza katikati ya solda (ile risasi iliyoyeyushwa kukishikilia kwenye bodi), halafu kwenye mgongo wa pini chanya. Niletee namba zote mbili.

Volti 5 hazikuumizi, lakini ncha ya mita ikiteleza ikagusa pini zote mbili kwa pamoja unaweza kuiua adapta. Nenda polepole. Adapta yenyewe usiifungue kwa hali yoyote, mle ndani kuna umeme wa ukutani.

Mpitanjia

Samahani kuingilia, dada. Na mimi rimoti yangu inawaka usiku kwenye stendi, lakini asubuhi naikuta imejaa. Ni ugonjwa huohuo?

Kipimo

Hapana, ndugu. Kama inajaa, umeme haukatiki. Rimoti nyingi za aina hii zina kihisi cha mtikisiko ili skrini iwake ukiinyanyua. Angalia stendi imekaa juu ya nini. Ikiwa juu ya spika ya besi au meza inayotikiswa na feni, inaamshwa na mtikisiko. Ihamishe.

BintiMkubwa

Nimerudi, na nina mengi ya kusimulia.

Skrubu mbili zilikuwa chini ya vimiguu vya mbele, ya tatu chini ya stika kama ulivyosema. Ndani kuna kipande kizito cha chuma, nadhani ni cha kuifanya stendi isipinduke, na chini yake bodi isiyozidi kidole gumba changu. Vumbi lilikuwa limejikunja kama pamba kwenye kona.

Namba ni hizi. Rimoti ikiwa juu, mguu wa tundu: 5.04. Mgongo wa pini chanya: 4.31. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Safari hii ile ya pini ikawa 4.28, halafu ikaanguka mpaka sifuri, ikarudi 4.3. Kitaa kikazima na kuwaka sambamba nayo. Nikagusa plagi ya adapta kwa kidole kidogo tu, ikaruka 4.9. Nikaachia, 4.3.

Ikabidi niangalie. Macho yangu hayakuona kitu, solda yote ilikuwa inang'aa. Nikachukua simu, nikawasha tochi yake, nikaiegemeza kwenye kikombe ili mkono usitetemeke, nikaivuta picha mpaka mwisho. Miguu ya tundu iko mitatu. Mguu mmoja solda yake ni kilima kizima kinachopanda vizuri. Mwingine hivyohivyo. Wa tatu, huo chanya, umezungukwa na mstari mwembamba mweusi, duara kamili kama pete, kati ya chuma na solda. Nilipotikisa plagi niliona chuma kinazunguka ndani ya pete hiyo na solda imetulia tuli. Yaani chuma kimesimama ndani ya shimo, hakijashikwa na kitu.

Ndipo nikaelewa kamusi. Haikuwa inagandamiza rimoti kwenye pini. Ilikuwa inagandamiza stendi nzima, bodi inapinda kidogo, mguu unagusa ukuta wa shimo. Usiku mmoja umegusa, usiku mwingine haukugusa.

Ni huo, au naona nilichotaka kuona?

LehemuSafi

Ni huo, dada. Umeusoma vizuri kuliko mafundi wengi wanavyousoma.

Hesabu inakubaliana nawe. Kati ya mguu na pini umepoteza volti 0.73. Kwa nusu ampea hiyo ni ukinzani wa karibu omu moja na nusu, mahali ambapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Betri ya lithiamu ya namna hiyo inajaa kwenye volti 4.2, na saketi inayoijaza inahitaji volti za juu kidogo ya hapo ili isukume. Kwa 4.31 haina pumzi. Tena upotevu huo wote unageuka joto kwenye ile pete. Chuma kinapata moto, kinatanuka, mgusano unaachia, kinapoa, unashika tena. Ndiyo maana kuwaka na kuzima kwako kulikuwa na kipindi cha dakika kadhaa, si sekunde.

Tiba ni kulehemu upya mguu huo, na mingine miwili ipe solda kidogo ingawa mizima, maana imebeba mzigo wa mwenzao. Tumia pasi ya solda yenye ncha ndogo, joto kama nyuzi 350, na waya wa solda wenye dawa ndani, ile inayosafisha chuma ili solda ishike. Kwanza futa eneo kwa spiriti. Paka dawa ya kulehemu kidogo kwenye ule mguu, kwa sababu chuma kilichokaa wazi ndani ya pete kimeshashika ukoga na solda mpya itakikwepa. Weka ncha ya pasi iguse chuma na shaba ya bodi kwa pamoja, hesabu moja, mbili, ndipo ulishe solda. Ikishatiririka na kukumbatia mguu pande zote, ondoa. Zisizidi sekunde tatu au nne, plastiki ya tundu isiyeyuke. Usitikise mpaka ipoe. Ukiona kidonge cha mviringo kimekaa juu kama tone la mafuta kwenye maji, hakijashika, rudia na dawa.

Kisha tafuta kilichouvunja. Solda haichaniki yenyewe. Waya wa adapta unatokaje nyuma ya stendi?

BintiMkubwa

Unakunjwa. Nyuma ya stendi kuna ubao wa kabati, waya unatoka na kukunjwa papo hapo kwenda chini. Na baba, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, akichukua rimoti stendi huwa inasogea mbele kidogo, halafu tunairudisha nyuma. Mara ngapi kwa siku, miaka miwili na nusu. Sikuwahi kuliwaza hilo.

LehemuSafi

Basi hapo umempata. Kila ikirudishwa nyuma, plagi inasukumwa juu kama wenzo na mguu unachezeshwa ndani ya solda. Sogeza stendi mbele ya kabati kwa upana wa vidole vinne, na ubane waya kwenye ubao karibu na stendi, mvuto uishie kwenye kibanio na usifike kwenye tundu. Chini ya stendi weka gundi ya pande mbili, mzee aweze kuvuta rimoti kwa mkono mmoja bila stendi kumfuata. Hilo la mwisho ningelifanya hata kama isingeharibika.

Mkongwe77

Nimejifunza kitu leo kuhusu dhahabu ya pini. Asante kijana. Dada, tupe matokeo.

BintiMkubwa

Matokeo haya hapa, mzee wangu.

Mdogo wangu ana pasi ya solda, alikuja jana jioni. Nilimsomea maelezo yako, LehemuSafi, neno kwa neno, na mimi nikashika tochi. Mara ya kwanza ilikaa kama tone la mafuta, hasa ulivyosema. Akaongeza dawa, mara ya pili ikazama na kupanda mguuni. Tuliisubiri ipoe bila kuongea.

Rimoti ikiwa juu: mguu 5.05, pini 5.01. Nikachezesha plagi kulia na kushoto, pini ikabaki 5.01. Betri iliingia ikiwa 3.52. Baada ya saa tatu ilikuwa 4.17 na kitaa kimegeuka kijani, rangi ambayo nilikuwa nimeisahau kama ipo.

Stendi nimeisogeza, waya nimeubana sehemu mbili, gundi nimeweka. Nilimwomba baba ajaribu kuichukua. Aliivuta kwa mkono wa kushoto, stendi ikabaki imetulia. Akairudisha, akaichukua tena, mara nne au tano, ananitazama tu. Ile pini ya kushoto bado ni mvivu kidogo, lakini inagusa. Nitaisafisha kwa spiriti kila mwezi, na ikikwama kabisa nitarudi kuwauliza inabadilishwaje.

Usiku nililala macho yakielekea ukutani. Giza tupu. Saa moja asubuhi nilikuwa bado kitandani niliposikia mlio wa kuanza taarifa ya habari kutoka sebuleni.